Rivyu: Besiboli kwa redio ukiwa nyuma ya usukani

Niseme mapema ili asiye na muda asome hapa aende zake. Kama we ni dereva wa lori huku Marekani, au unapiga shifti ya usiku, au unafanya kazi yoyote ambayo mikono iko bize na masikio yako huru, lipia kifurushi cha sauti tupu cha MLB, ligi kuu ya besiboli ya huku, na achana na kile cha video. Nyota nne na nusu kati ya tano. Ile nusu iliyopungua ntaeleza huko chini maana inanikera kwelikweli.

Kwa ambao hawajawahi kukitumia, kiko hivi. Ligi kuu ya besiboli ina timu 30, kila timu inacheza mechi 162 kwa msimu, ukijumlisha unapata mechi 2,430 kabla hata ya mtoano, na zote hizo unazipata kwenye apu ya MLB kwa sauti, moja kwa moja. Raha yake zaidi ni kwamba kwenye kila mechi unachagua mwenyewe, usikilize watangazaji wa timu ya nyumbani au wa wageni, na timu kadhaa zina redio ya Kihispania pia. Msimu wa 2025 sauti ilikuwa inauzwa dola 30 hivi kwa mwaka wakati video inagonga 150. Ukinunua video sauti inakuja humo humo, na ukiwa mteja wa kampuni ya simu ya T-Mobile huwa wanatoa ile ya video bure kila mwanzo wa msimu kwa hiyo angalia kwanza kabla hujatoa hela mfukoni. Ila mi nasema hata ungepewa zote mbili bure, hiyo ya sauti ndo utakayoitumia.

Sababu ya kwanza ni ya kibiashara tu. Video inafungiwa kwenye maeneo ambayo timu inahesabu ni ya kwake, maana kuna vituo vya TV vilivyolipia haki za kuonyesha hapo, hivyo mtu anayekaa Chicago amelipa hela yake kamili na bado hawezi kuona Cubs wala White Sox kwenye kile kifurushi. Na Iowa ndo balaa kabisa. Iowa haina timu hata moja ya ligi kuu lakini imewekwa ndani ya himaya ya timu sita, Cubs, White Sox, Brewers, Twins, Cardinals na Royals, zote zimefungiwa. Sasa we fikiria unakatiza Iowa kwa I-80, maili kama 300 za mahindi kushoto mahindi kulia, mtu anayekaa pale amezungukwa na timu sita na zote sita haruhusiwi kuziona kwa kifurushi alichokilipia! Sauti haina huo upuuzi. Umevuka Mto Mississippi, umeingia Iowa, umetokea Nebraska, mtangazaji anaendelea tu kama hajui kuna mipaka.

Sababu ya pili ndo kubwa. Huu mchezo unasikika vizuri kuliko unavyoonekana. Najua kuna watu watabisha, na wengi wetu tuliotoka nyumbani tunauona besiboli mchezo wa watu kusimama kusimama, mrushaji anajikuna, mpigaji anatoka anarudi, mpaka usingizi unakushika. Kwa TV ni kweli, zile nafasi zinaonekana tupu. Kwa redio zile nafasi ndo mchezo wenyewe unapokaa. Mpira wa miguu ukiutangaza redioni inabidi ukimbie nao, pasi, pasi, anageuka, anapiga, huna hata sekunde ya kupumua. Marehemu baba pale Tanga alikuwa hasogei kwenye redio siku ya Simba na Yanga, na tulikuwa tunaipenda ile kasi ya watangazaji wa RTD, lakini ukweli ni kwamba ulikuwa hujui beki wa kulia amesimama wapi. Kwenye besiboli uwanja wote unao kichwani: kuna besi tatu, yaani vituo anavyopita mkimbiaji, na pale nyumbani anaporudi kupata pointi, kila mchezaji ana sehemu yake inayojulikana, kinachobadilika ni vitu vichache tu. Mtangazaji akisema auti moja (mchezaji mmoja wa timu inayopiga ameshatolewa), mkimbiaji yuko besi ya pili, mpigaji ana bol mbili (mirusho iliyotoka nje ya shabaha) na straiki moja (mrusho uliohesabiwa dhidi yake), basi umeshaona kila kitu. Hapo anapata muda wa kukuambia huyo mkimbiaji katokea wapi, upepo unaelekea upande gani, na mrushaji anatingisha kichwa kukataa alama ya mdakaji wake, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji.

Na hapo ndo thamani ya hela yako inapokaa, kwa watangazaji. Usinunue hiki kitu kwa ajili ya timu, nunua kwa ajili ya sauti.

Mi ni wa Chicago, mtaa wa kaskazini, hivyo nianze na Pat Hughes wa Cubs. Yupo kwenye redio ya Cubs tangu 1996 na mwaka 2023 alipewa Tuzo ya Ford C. Frick, ile heshima kubwa kuliko zote kwa watangazaji wa besiboli. Kitu anachokifanya Hughes ambacho wengine wengi wamekiacha ni kukuvalisha wachezaji. Mechi ikianza atakuambia Cubs wamevaa jezi nyeupe zenye mistari ya buluu, kofia za buluu, wageni wamevaa kijivu, maandishi ya rangi gani kifuani. Mwanzo unaweza ukajiuliza yote hayo ya nini. Alafu awamu ya nne kati ya tisa mtu anachomoka kwenda besi ya pili na we unamwona, rangi na vumbi lake, sababu jamaa alishakuwekea picha tangu mwanzo. Sauti yake haipandi hovyo. Akipandisha, ujue mpira unaenda ukutani kweli, hakudanganyi kwa mpira wa kawaida uliodakwa kirahisi. Kwa dereva hiyo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, maana mtangazaji anayepiga kelele kwa kila kitu baada ya saa moja anakuchosha kichwa, na kuna wengine nawazima kabisa napofika Indianapolis.

Kuna rekodi zake za zamani akiwa na marehemu Ron Santo, mchezaji wa besi ya tatu wa Cubs wa miaka ya 60 aliyekuja kuwa mchambuzi. Zitafute. Santo alikuwa shabiki kabla ya kuwa mchambuzi. Mwaka 1998 mwezi wa tisa Cubs wako Milwaukee wanapigania nafasi ya mtoano, mchezaji wao akaudondosha mpira rahisi kabisa mwisho wa mechi, na kabla Hughes hajamaliza kueleza kilichotokea unamsikia Santo kwa nyuma analia "Oh, no!" kwa sauti ya mtu aliyepokea taarifa ya msiba. Hughes akaendelea kueleza wakimbiaji wanavyoingia nyumbani mmoja baada ya mwingine, sentensi zimenyooka. Mmoja anatoa uchungu, mwingine anatoa habari, na msikilizaji anapata vyote viwili. Sijasikia wawili waliokaa pamoja vizuri kama wale.

Hughes kabla ya kuja Chicago alikaa Milwaukee miaka kumi na kitu pembeni ya Bob Uecker, na hapa lazima nisimame kidogo. Uecker ametangaza Brewers kuanzia 1971 mpaka msimu wa 2024, akafariki Januari 2025 akiwa na miaka 90. Alikuwa mdakaji ligi kuu, tena si mzuri sana, wastani wake wa kupiga ulikuwa .200, yaani kafanikiwa mara mbili kati ya kumi, na homurani (mpira unaopigwa mpaka nje ya uwanja) 14 tu maisha yake yote ya uchezaji, na hiyo historia yake akaigeuza kuwa vichekesho vya miaka hamsini. Ukiwa unashuka I-94 kutoka Wisconsin jioni ya kiangazi, madirisha wazi, na Uecker anasimulia habari za samaki aliovua huku mpigaji anasubiri mpira, ulikuwa hutaki ufike. Brewers wanaweza wakawa wamefungwa saba bila na bado humzimi. Mwaka 2025 ilikuwa mara ya kwanza nimepita kule bila kumsikia na nilihisi pengo. Waliobaki wanajitahidi na mechi wanaitangaza vizuri, siwezi kuwalaumu kwa kitu ambacho hakuna mtu angeweza kukiziba.

Upande wa kusini wa Chicago kuna White Sox na redio yao ina Len Kasper. Huyu nampa heshima ya kipekee sababu alikuwa mtangazaji wa TV wa Cubs, kazi ambayo watu wanaililia, akaiacha mwishoni mwa 2020 akahamia redio ya White Sox kwa kuwa ndoto yake tangu zamani ilikuwa redio. TV ya timu kubwa kwenda redio ya wapinzani! Alafu mwaka 2024 White Sox wakapoteza mechi 121, idadi ambayo hakuna timu ya zama hizi imewahi kuifikisha, na yeye na Darrin Jackson walikuwa pale usiku baada ya usiku wakiitangaza ile misiba kwa akili timamu. Hakujifanya timu ni nzuri na hakuwadhihaki wachezaji. Nakumbuka niko kwenye duka la tairi huko kusini, kwenye benchi, fundi mmoja wa makamo ana redio juu ya kabati, Sox wameshafungwa kama kawaida, mteja mwingine anaingia anauliza "ngapi?" fundi anamjibu bila kugeuka, mteja anatikisa kichwa anavuta kiti. Walikuwa hawajuani. Wakaanza kuongelea kijana mmoja mrushaji kama anafaa kuachwa kwenye timu mwakani, wakanigeukia na mi wananiuliza, na nikatoa maoni yangu, tukabishana pale mpaka tairi zangu zikaisha kufungwa. Mi Mswahili wa Tanga, wao wazee wa Chicago, timu yenyewe si yangu. Miaka yote niliyokaa huku hakuna kitu kimenifungulia maongezi na watu nisiowajua kama swali la "ngapi?", iwe kwenye mizani ya malori, kituo cha mafuta, kinyozi au foleni ya benki. Hali ya hewa inaisha kwa sentensi mbili, siasa inaharibu siku, besiboli inakupa nusu saa na mnaachana kwa amani.

(Na siku ya 8 Mei 2025 alipochaguliwa Papa Leo XIV, mtoto wa Chicago, kabla jioni haijaisha mji mzima ulikuwa unagombana ni Cubs au Sox. Kaka yake akathibitisha ni Sox, na ikachimbuliwa mpaka picha ya TV ya fainali ya 2005 amekaa jukwaani. Kule kusini walifurahi kama wamechukua kombe.)

Faida nyingine ya kifurushi ni kutembea. Tom Hamilton wa Cleveland, yuko pale tangu 1990 na tuzo ya Frick kaipata 2025, huyo ni sauti ya radi, mpira ukienda mbali anaupeleka yeye mwenyewe mpaka nje ya uwanja. Jon Miller wa San Francisco ni kinyume chake, taratibu, na nampenda kwa kitu kimoja ambacho sisi wenye majina ya mbali tutakielewa: anayatamka majina ya watu sawasawa. Mchezaji wa Venezuela, wa Japani, wa Korea, Miller anahangaika kulipata jina kama mwenyewe anavyolitamka. Nimefanya kazi na watu miaka mingi ambao hawajahangaika hivyo na jina langu lenye silabi tatu tu.

Na Jaime Jarrín, hata kama Kihispania changu ni cha kuombea maji. Huyu alitoka Ecuador mwaka 1955, besiboli alikuwa hajawahi kuiona, akaanza kuitangaza Dodgers kwa Kihispania 1959 na hakuacha mpaka 2022. Familia ngapi za wahamiaji pale Los Angeles zimejifunza huu mchezo kupitia lugha yao kwa sababu yake. Mi natamani kwa moyo wote siku moja nisikie mechi ya fainali kwa Kiswahili, hata mtu mmoja na maikrofoni moja. Watu wapo. Uganda ilishapeleka watoto wake kwenye fainali za dunia za Little League kule Pennsylvania 2012, na Dar pale Shule ya Sekondari Azania kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa Mwafrika wa kwanza kuzaliwa barani kwetu akacheza ligi kuu, Aprili 2017 na Pittsburgh, na mara yake ya kwanza kabisa kupiga akapata besi, tena dhidi ya mrushaji Jon Lester wa Cubs wangu. Nilifurahi japo alitupiga sisi.

Vin Scully simwachi. Dodgers kuanzia 1950 mpaka 2016, misimu 67, ofa zote za kuhamia kwingine akazikataa. Alifundishwa kazi na Red Barber, yule aliyekuwa anaweka saa ya mchanga ya dakika tatu mezani ili kila ikiisha akumbuke kutaja matokeo. Hicho kitu kidogo watangazaji wa sasa wanakisahau kinoma! Unaingia kwenye gari katikati ya awamu ya tano na unakaa dakika kumi hujui nani anaongoza, jamaa wanaongelea chakula cha mchana. Wekeni ile saa ya mchanga jamani. Scully kilele chake kwangu ni 8 Aprili 1974, Atlanta, Hank Aaron anapiga homurani ya 715 na kuvunja rekodi ya Babe Ruth. Scully akatangaza mpira umetoka, kisha akanyamaza. Aliacha uwanja uzungumze, makelele na fataki, muda mrefu kabisa, na aliporudi ndo akasema kwa utulivu kwamba mtu mweusi anapigiwa makofi na watu wamesimama, kusini mwa Marekani. Ikumbukwe Aaron alikuwa amepokea barua za chuki na vitisho vya kuuawa miezi yote ile. Mtangazaji anayejua lini anyamaze ni adimu, na redioni kunyamaza kunahitaji roho ngumu maana msikilizaji anaweza kudhani redio imekufa.

Sasa mfano wa hivi karibuni wa kile unachokilipia. Mechi ya tatu ya fainali ya 2025, Oktoba 27, Dodgers na Toronto Blue Jays, Los Angeles. Nilikuwa nimeshamaliza saa zangu za kuendesha, nimepaki Nebraska, nimelala nyuma ya kabini na sauti iko chini. Mechi ya kawaida ni awamu tisa. Hii ilienda awamu 18, saa sita na dakika 39. Kwenye mtoano hamna ule mtindo wa kumweka mkimbiaji bure besi ya pili ili mechi iishe haraka, hivyo ni kupigana tu mpaka mmoja aanguke. Ohtani, nyota wa Dodgers, alipiga homurani mbili na mipira mingine miwili ya kufika besi ya pili, mpaka Toronto wakaamua kutomrushia kabisa, wakawa wanampa besi ya bure kila akija. Awamu ya 12 Dodgers wakamleta mrushaji wao mzee Kershaw besi zote tatu zimejaa wakimbiaji wa Toronto, akatoka salama. Warushaji wa Dodgers wakaisha. Aliyebaki ni Will Klein, jina ambalo mashabiki wengi hata wa Dodgers walikuwa hawalijui wiki moja nyuma, akarusha awamu nne bila kuruhusu pointi, mipira 72. Nilikuwa nahama kutoka redio ya Toronto kwenda ya Los Angeles na kurudi, na hapa ndo ile chaguo ya watangazaji wawili inalipa, sababu mpira ule ule upande mmoja unaelezwa kwa matumaini na upande mwingine kwa hofu. Sauti zao zilikuwa zimekwaruza. Walikuwa wanahesabu nani amebaki benchi kama watu wanaohesabu maji safarini. Freddie Freeman wa Dodgers akaumaliza kwa homurani mwanzoni mwa zamu yao awamu ya 18, saa nane kasoro usiku kwa saa za kwetu pale, na maegesho yote yalikuwa giza isipokuwa kabini mbili tatu zenye taa, na nina hakika wale walikuwa wanasikiliza kitu kile kile.

AM ya bure, ile redio ya masafa ya kati, nayo isidharauliwe. Tuliokulia na mkulima, ile redio ya mawe ya kusikilizia BBC na Sauti ya Ujerumani, tunajua usiku mawimbi yanasafiri, yanagonga anga la juu yanarudi chini mamia ya maili kutoka yalikotoka. Marekani vituo vikubwa vya wati 50,000 vinafanya hivyo hivyo kwa masafa ya kati: KMOX 1120 ya St. Louis, WLW 700 ya Cincinnati, WTAM 1100 ya Cleveland. Ndo maana Cardinals wana mashabiki Arkansas, Oklahoma, Mississippi, babu zao waliidaka ile KMOX usiku. Na AM ina kitu kimoja inaishinda apu: haichelewi. Sauti yoyote ya intaneti iko nyuma ya mchezo, nusu dakika au zaidi, hivyo ukiwa umewasha arifa za matokeo simu inakupasulia jipu kabla mtangazaji hajasema kitu. Zima arifa. Kampuni za magari zimekuwa zikitaka kuiondoa AM kwenye gari mpya hasa za umeme, Ford walitangaza hivyo kisha wakarudi nyuma Mei 2023 baada ya kelele, na mi nilikuwa upande wa wapiga kelele. Ukiwa sehemu isiyo na mtandao, magharibi ya Nebraska au Wyoming, hiyo AM ndo ndugu yako.

Halafu Iowa hiyo hiyo iliyofungiwa video, miaka ya 1930 kituo cha WHO pale Des Moines kilikuwa na kijana anaitwa Ronald Reagan, ndiyo huyo huyo rais, anatangaza mechi za Cubs bila kuwa Chicago. Anapokea taarifa fupi za telegrafu na kuzigeuza kuwa matangazo kamili. Siku moja waya ukakatika, na yeye mwenyewe alikuwa anasimulia kwamba ilibidi ampigishe mchezaji mipira ya pembeni, ambayo haimalizi zamu yake, mfululizo mpaka waya uliporudi.

Redio ya setilaiti ya SiriusXM nayo inabeba mechi zote, na malori mengi yanakuja nayo, mtandao haukuhusu milimani. Ila ada yake ya mwezi ukiizidisha kwa mwaka inaipita mbali ile ya apu. Kama kampuni yako inalipia, sawa, umeshapata. Kama ni mfukoni mwako, apu plus AM inatosha kabisa.

Sasa ile nusu nyota. Kwanza matangazo ya kubeti. Tangu Mahakama Kuu ya Marekani ilipofungua mlango 2018 yamejaa kila mahali, na si ya kibiashara ya katikati ya awamu tu, mtangazaji mwenyewe kwa sauti ile ile uliyoiamini anakusomea odi. Nyumbani tunajua hii kitu inaishia wapi. Tumeona vijana wanaweka ada ya chuo kwenye mkeka, bodaboda anaweka marejesho. Na haikuchukua muda, Novemba 2025 warushaji wawili wa Cleveland walifunguliwa mashtaka wakituhumiwa kupanga mipira yao ili watu wabeti, wao wakakana, lakini sahivi mrushaji akitupa bol ya ajabu unasikia mtu pale kituo cha mafuta anasema "huyo kapokea ngapi?" Hilo swali zamani halikuwepo na linaniuma. Apu ingeniuzia kifurushi kisicho na kubeti kwa dola kumi zaidi ningelipa leo leo.

Pili, baada ya corona baadhi ya timu ziliacha kuwasafirisha watangazaji wa redio, mechi za ugenini wanazitangazia studio wakiangalia TV. Inasikika. Mpira unaenda mbali na jamaa anasubiri kamera imwonyeshe mchezaji wa mbali yuko wapi, kunakuwa na kasekunde ka kusitasita. Anayetangaza akiwa uwanjani anaanza kumwangalia mchezaji wa mbali kabla mpira haujapaa. Timu yenye mishahara ya mamilioni haishindwi tiketi mbili za ndege.

Saa ya kumhesabia mrushaji muda wa kurusha iliyokuja 2023, sekunde 15 besi zikiwa tupu, watu waliihofia kwamba itaua hadithi za redio. Mechi zilikuwa zinachukua saa tatu na dakika nne kwa wastani 2022, zikashuka mpaka saa mbili na dakika arobaini. Mi naona imesaidia. Hadithi zimekuwa fupi na nzuri zaidi, mwenye porojo kabanwa.

Kwa walioko nyumbani wanaotaka kujaribu: mechi nyingi za usiku huku ni kuanzia saa nane hivi usiku kwenu, achaneni nazo. Tafuteni mechi za mchana za Cubs pale Wrigley Field, uwanja ambao mpaka Agosti 1988 ulikuwa hauna taa kabisa na hadi leo wanacheza mchana mara nyingi kuliko wengine. Zinaanza saa saba na dakika ishirini mchana kwa Chicago, kwenu ni saa tatu na dakika ishirini usiku, mmeshakula, bando la sauti ni dogo. Chagua watangazaji wa nyumbani, uwe na Pat Hughes tangu mrusho wa kwanza ili akuvalishe wachezaji, na kama sheria zinakuchanganya niandikie hapa chini ntakujibu nikipaki.